Nani Anatazama Habari Zilizochacha?

Jina la Mpekuzi alipachikwa na mumewe, na hakuonewa. Mwanamke huyu mshona mapazia hakuweza kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa. Cherehani yake aliijua mpaka matumbo, na redio yao ya zamani ilipokufa aliipasua kwanza ndipo akakubali itupwe. Kwa hiyo siku mumewe, fundi wa lifti, alipoleta nyumbani kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, alimsimamia mgongoni na kummwagia maswali hadi mwanamume wa watu akasalimu amri, akampa bisibisi.

"Haya, funga mwenyewe."

"Waya huu unakwenda kwenye ruta au kwenye king'amuzi?"

"Si umesema unataka kujua? Jua."

Akajua. Waya wa kisanduku uliingia kwenye ruta ya intaneti, na king'amuzi cha dishi kikaungwa kwenye ruta hiyo hiyo. Kuanzia hapo king'amuzi kikiambiwa kirekodi kipindi, kilikipeleka kisandukuni, na kipindi hicho kiliweza kutazamwa wakati wowote, sebuleni au kwenye televisheni ndogo ya chumba cha uani alikolala baba mkwe. Kisanduku chenyewe kiliwekwa chumba cha kushonea, rafu ya chini, kando ya majora ya vitambaa. Diski zikiwa kazini, taa yake ya kijani ilipepesa. Zikipumzika, taa ilitulia. Mpekuzi aliizoea taa ile kama mtu anavyomzoea paka wa nyumbani.

Mambo yaliharibika siku ya fainali ya mpira. Mumewe alikuwa zamu, kwa hiyo aliiagiza irekodiwe, na jioni akarudi amejiziba masikio kwa pamba njia nzima ili asije akaropokewa matokeo na wapita njia. Akaketi, akavua viatu, akabonyeza rimoti. Hakukuwa na mpira. Kulikuwa na maneno mawili tu kwenye kioo: nafasi imejaa.

"Imejaa nini?" aliuliza, pamba bado sikioni.

Mpekuzi alichukua rimoti akafungua orodha. Taarifa ya habari. Chini yake, taarifa ya habari. Akashuka, akashuka tena, zote ni taarifa za habari, za kituo kimoja, za jioni, nyingine za tangu mwaka jana.

"Mimi simo," alisema mumewe. "Habari nazisikia kazini hata nisipozitaka."

"Wala mimi. Na kila moja imetazamwa, tena zaidi ya mara moja. Hebu ona, hii iliachwa katikati."

Wakatazamana, kisha wakatazama mlango wa uani.

"Baba?" alisema Mpekuzi. "Habari zilizochacha hivi anazitakia nini?"

"Labda kampenda msomaji. Futa bwana, kuna marudio ya mpira kesho."

Huyo baba mkwe alikuwa kinyozi, na kinyozi mwenye domo. Wakati wa duka lake watu walikuja hata nywele zisipokuwa ndefu, mradi waketi kwenye kile kiti wacheke. Kisha akafunga duka, akasema miguu imechoka, akahamia kwa mwanawe. Mwanzoni nyumba ilichangamka. Kidogo kidogo maneno yakamkauka. Akaanza kuchukua sahani yake na kula chumbani, na ukimsemesha anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, basi. Mpekuzi aliumia. Alipoolewa, mzee huyu ndiye aliyempokea kwa utani mpaka woga ukamtoka, na sasa alimkosa ilhali anaishi naye nyumba moja. Mara nyingi alijiuliza wamemkosea nini.

Mumewe alikwisha kata shauri. Baba hana raha hapa, alisema, afadhali akaishi kwa dada mkubwa, mji mwingine, kwenye uwanja mpana na wajukuu tele.

"Umemuuliza?"

"Nimemwambia kila kitu. Kaitikia kwa kichwa, katabasamu. Amekubali mwenyewe. Dada anakuja kumchukua Jumapili."

Mpekuzi aliirudia rimoti. Alifuta habari zote, ukurasa baada ya ukurasa, huku amenuna.

Kesho yake alikuwa anapitisha kitambaa kizito chini ya sindano, cherehani ikinguruma, mzee akaja kusimama mlangoni. Alizungumza, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

"Mwanangu, ile habari ya mvua imekwenda wapi?"

"Nimezifuta, baba," alijibu bila kuinua kichwa, maana pindo lingekwenda upande. "Diski ilijaa. Nisamehe."

Alipomaliza pindo akainua uso. Mzee alikuwa bado amesimama pale pale, anatabasamu, anangoja. Aliitikia kwa kichwa, akangoja tena kidogo, kisha akaenda zake. Mtu aliyeambiwa kitu chake kimefutwa hatabasamu vile. Mpekuzi alizima cherehani, na ule upekuzi wake ukaamka wote.

Bahati nzuri kisanduku hakikuwa na pupa ya kutupa. Kilichofutwa kilikaa kwanza kwenye kapu la taka mle mle ndani, na kwa kompyuta kuukuu ya mumewe aliweza kulifungua lile kapu na kurudisha kila kitu mahali pake. Aliipata ya mvua, akakaa nayo sebuleni. Mto umefurika. Ofisa chini ya mwavuli anawataka wakazi wahame nyumba zao. Magodoro yanapandishwa kwenye lori. Aliitazama tena, safari hii akizikagua nyuso za watu, huenda kuna ndugu wa mzee aliyepotea. Hakumwona anayemjua. Alipoianza mara ya tatu simu ikalia, akaizima sauti ya televisheni ili azungumze na mteja wa mapazia.

Na kwa kuwa sauti haikuwapo tena, macho yake yalikwenda kwenye pembe ya kioo. Pale chini alisimama mwanamke mwenye blauzi nyeusi, anaieleza mvua ile ile kwa mikono, kwa ajili ya watu wasiosikia. Alikuwapo siku zote. Mpekuzi hakuwahi kumwangalia, kwa kuwa yeye habari huzisikiliza tu huku anashona. Mteja akawa anaita halo, halo, na hakuna wa kumjibu.

Alirudi kwenye kazi yake. Muda si mrefu akaona taa ya kijani inapepesa. Televisheni ya sebuleni ilikuwa imezimwa, na king'amuzi hakirekodi chochote. Basi kuna mtu anasoma diski. Alipita uani akatega sikio kwenye mlango wa mzee. Kimya, hata mnong'ono wa televisheni hakuna. Akabisha hodi. Akabisha tena kwa nguvu, akaita, kisha akausukuma mlango kidogo.

Mzee alikuwa amempa mgongo. Kwenye kioo mvua ilinyesha bila sauti, na mikono yake ya kinyozi ilikuwa hewani. Aliziunganisha ncha za vidole zikawa paa la nyumba, akaisogeza mikono kando, akatikisa kichwa kuwa amekosea. Akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akaanza upya.

Mpekuzi alifunga mlango polepole asimshtue, kisha akajiuliza polepole ya nini kwa mtu asiyesikia. Hapo machozi yalimtoka. Sasa aliona kwa nini habari za zamani: hizo mzee alikwisha zisoma gazetini, anajua kinachosemwa, kwa hiyo anaweza kuoanisha mkono na neno. Na aliona kwa nini dukani hakuna aliyegundua. Kule kila mteja alimkabili ndani ya kioo kikubwa cha ukutani, midomo ikionekana wazi, naye akaisoma. Hapa nyumbani walimsemesha wakiwa wameinamia cherehani, sufuria au simu.

Hakumwambia mumewe. Mzee hakutaka ijulikane, na yeye si wa kumtangaza. Aliirudia ile ya mvua, akajifunza ishara mbili tatu mbele ya dirisha, majirani wakimwona na kumshangaa.

Jumamosi alikwenda kumshika mzee mkono, akamleta mezani. Mlangoni palikuwa na begi ambalo mumewe alikuwa amelifungasha mchana.

"Baba, kesho dada atafika mapema," alisema mumewe, uso ndani ya sahani.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

"Unaona?" mume alimwambia mkewe. "Hana neno."

Mpekuzi aligonga meza mpaka sahani zikatikisika, mzee akamtazama. Akamwonyesha kidole: wewe. Akaunganisha vidole vyake, paa likakaa vibaya, akalirekebisha: nyumba. Akaisogeza mikono kando: kuhama. Kisha akainua mabega na nyusi kumuuliza.

Tabasamu lilimtoka mzee. Aliitazama ile mikono, akamtazama mwanawe, akalitazama begi mlangoni.

"Nihame?" alisema. "Nihame niende wapi, mwanangu? Nimewakosea nini?"

Fundi wa lifti aliacha kijiko. Alimtazama mkewe, akaitazama mikono yake, na ilimchukua muda kuelewa. Kisha alizunguka meza, akachuchumaa mbele ya baba yake mpaka nyuso zao zikalingana.

"Huendi popote," alisema taratibu, na mzee akayafuata maneno yale mdomoni mwake mpaka la mwisho.