Harusi Yangu ya Misisi

Ting! Kama kijiko kinachogonga glasi tupu. Ndivyo programu ya zamani ya barua pepe ilivyoniita kila mesaji ilipoingia, na mpaka leo mtu akigonga glasi mezani ninageuza kichwa.

Nilikuwa ninafanya kazi kwenye ofisi ya chama cha bamama walimaji, hapa Baraka, mashariki ya Kongo. Ninasema kazi, lakini mwanzo ilikuwa ufagio tu. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Ila vidole vyangu vilikuwa na mbio, kwa hiyo wakanikalisha mbele ya kompyuta, ambayo sisi wote tuliiita mashini, nichape barua na kuwasomea bamama mesaji zao. Juu yangu alikuwa Sekretere, katibu wa chama, mwanaume mwenye diploma na kalamu tatu mfukoni.

Asubuhi moja, ting! Mesaji ilikuwa yangu mimi. Redio moja ya Uvira ilikuwa inatafuta wasichana kumi wa kuwafundisha utangazaji, nami nilikuwa nimeomba nafasi kupitia anwani ya ofisi, maana sikuwa na nyingine. Kwa Kifaransa cha heshima walisema nimechaguliwa, niwajulishe kama nitafika. Nilicheza palepale na ufagio wangu. Tangu utoto nilikuwa ninasoma habari mbele ya sufuria, mwiko ukiwa maikrofoni. Nikaiweka mesaji ndani ya folda niliyoipa jina Yangu, nikakimbia kumwambia Sekretere, kwa sababu kila jibu la ofisi alilituma yeye.

"Tulia, dada," akasema. "Mi nitajibu."

Siku ya nne akaweka programu mpya. Ya zamani iko nzito, alisema, inachokesha mashini. Kesho yake nilipofungua, kimya. Mesaji za zamani hakuna. Folda yangu hakuna. Sanduku lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa na mbwa.

"Sekretere, mesaji yangu ya redio iko wapi?"

"Mesaji gani?"

"Ile yenye balinichagua."

"Balikukataa, dada. Ile ilikuwa Kifaransa, ulisoma mubaya. Weye unapendaka kulota."

Nikaanza kweli kujishuku. Kifaransa changu kinachechemea, ninakijua. Lakini wiki ileile mdogo wa mke wa Sekretere akapanda gari la Uvira na sanduku jipya, na mwezi ulipoisha, nikiwa ninamenya muhogo, nikasikia sauti yake redioni ikitusalimia sisi watu wa Baraka na Fizi. Yule dada hakunikosea kitu. Sauti yake ilikuwa hata nzuri, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Hasira yote nikaipeleka kwa mwenye kalamu tatu. Nilipokuwa ninafagia nilimwona akilini mwangu akianguka kwenye tope na shati lake jeupe, na mbuzi akitafuna diploma yake polepole, akianzia kwenye muhuri. Nilifagia vizuri sana mwezi ule.

Kilichomponza ni ubahili wa mega. Mega za ofisi, yaani data za internet, ziliisha kila mara, basi yeye mwenyewe alikuwa ameipanga mashini ivute mesaji zote mara moja asubuhi, zikae humu ndani, na kule mbali zifutwe. "Hatuachake kitu kwa internet," alinifundisha. "Kila kitu iko hapa." Na akaipiga mashini kofi mgongoni. Kisu cha muhogo kikiwa mkononi, nikalikumbuka kofi lile. Kama kila kitu kilikuwa hapa, kimekwenda wapi? Ukibadilisha sufuria, muhogo ungali ndani ya gunia.

Alipokwenda Fizi kwa mkutano wa siku mbili, nikakaa mbele ya mashini. Nikaiambia itafute neno Yangu kila mahali, hata kwenye folda zinazofichwa. Betri ya sola ilikuwa imeshaanza kulia. Ikapata faili moja, ndani kabisa, chini ya jina la programu ya zamani. Nikaligonga, likakataa kufunguka. Nikarudi kwenye programu mpya, nikasoma orodha zake neno kwa neno kama mtu anayesoma Zaburi, mpaka nikafika "Importer". Neno hilo nilikuwa ninalijua kutoka kwa wauza vitenge: kuleta kutoka ng'ambo. Nikaionyesha programu ile folda nzima ya zamani. Mstari wa kijani ukatembea, ukasimama, ukatembea tena.

Folda zikarudi mojamoja kama kuku jioni. Yangu ilikuwemo, na mesaji yangu ndani: nimechaguliwa. Sikusoma vibaya. Ningeweza kuishia hapo, lakini chini yake ilikuwepo folda ya mesaji zilizotumwa, na humo nikakuta jibu lake, la siku ileile aliyoniambia nitulie:

"Binti mliyemwita ameolewa na mchimba dhahabu, amemfuata mume wake machimboni Misisi. Tunawatumia mwingine, mwenye adabu."

Mwenye adabu! Nikalichapisha kwenye karatasi kabla betri haijazima.

Kwenye chama chetu, karatasi ikiingia mkutanoni haijadiliwi mpaka isomwe kwa sauti, maana bamama wengi hawakupata shule. Na msomaji ni Sekretere. Jumatatu, majembe yakiwa yameegemezwa mlangoni, nikampa karatasi Mama Prezida, mkubwa wa chama. Naye, bila kuitazama, akamnyooshea msomaji.

Sekretere akaanza kwa sauti yake ya kanisani. Alipofika "mchimba dhahabu", akaanza kunong'ona.

"Soma tu," akasema Mama Prezida. "Bamama ba nyuma habasikie."

Akasoma mpaka adabu. Mama mmoja wa Lubondja akasimama, mikono kiunoni.

"Eh, binti yetu! Uliolewa? Mbuzi ya harusi tulikula siku gani?"

"Mi pia ninauliza, mama."

"Na huyu bwana yako wa Misisi, eko murefu ao mufupi?"

"Muulize Sekretere, njo anamujua. Njo yeye alinioza."

Nyumba nzima ikacheka. Sekretere akajipangusa paji la uso. "Ilikuwa ile programu mupya, bamama..."

"Programu inaweza kuoza mutoto ya batu?" akauliza Mama Prezida. "Kaa. Andikia ba redio ukweli. Huyu binti atakusomea, weye utachapa."

Nikamsomea neno kwa neno. Hata koma nilimwambia mahali pa kuiweka. Redio wakajibu siku ya pili: nije na kundi linalofuata.

Jioni ile Sekretere akanifuata, kalamu zake mfukoni, macho chini. "Dada, ondoa ile mesaji kwa mashini. Batoto bangu basikuye kuiona siku moja." Moyo wangu ni laini, ukanigeuka kidogo.

"Sawa, Sekretere. Nitaiondoa."

Alipotoka nikafunga mlango. Nikachomeka flashi, nikanakili folda nzima, nikaichomoa. Ndipo nikaiondoa mesaji kwenye mashini, kama nilivyoahidi. Flashi nikaiviringisha kwenye ncha ya kikwembe changu, kitenge cha kiunoni, nikapiga fundo. Nikalivuta kwa meno, kisha nikapiga la pili.