Kupima Kisima cha Mama

Nilifunga safari kwa sababu ya nafasi moja niliyoiacha tupu kwenye kompyuta. Kazi yangu hapa Korogwe ni kuigiza maji. Naiambia programu mvua inavyonyesha, jua linavyokausha na mchanga unavyonyonya, nayo inanichorea mstari wa maji yakipanda na kushuka. Lakini kwanza huuliza: siku ya kuanza, maji yako kina gani? Usipojibu, inachukulia kwamba ni kukavu. Safari hii ilikuwa zamu ya kijiji chetu wilayani Handeni, kilichoomba kujengewa ukuta wa kuzuia maji yanayopita chini ya mchanga wa korongo. Hakuna aliyewahi kupima, nikaacha pengo. Programu ikasema hata ukuta ukijengwa, visima vitakauka kabla ya mvua za vuli. Kwa jibu la namna hiyo, ukuta haujengwi.

Mama alikuwa nyuma yangu anachambua mchele. Nilimchukua kijijini mwishoni mwa kiangazi kilichopita, maji yalipozama na magoti yake yakakataa kumpeleka mbali kuyatafuta.

"Imesema nini hiyo?" akauliza.

"Imesema hakuna maji."

"Nani kaiambia?"

Nikamwonyesha ile nafasi tupu. Akaendelea kuchambua. "Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa hata la kuazima hujanipa. Nenda kaangalie. Nataka kwenda kwangu."

Liliniuma, nisifiche. Kabla hajaja, nilikuwa narudi jioni nafungua mlango mwenyewe na kuwasha taa mwenyewe. Sasa nakuta taa inawaka na mtu wa kunigombeza kwamba nimechelewa. Mtu huyohuyo ananituma nikamtafutie njia ya kuondoka.

Asubuhi, stendi ya Korogwe, nikapanda Kosta ya Handeni. Nilikaa dirishani na mfuko wangu wa kamba na futi. Mashamba ya mkonge yalipoisha, ardhi ikaanza kuwa nyekundu na miti kuwa mifupi, na mimi, mtu mzima na kazi yangu, nikabandika uso kwenye kioo. Kumbe nilikuwa nimepakumbuka. Nilizoea kusema mama ndiye anayepakumbuka nyumbani.

Mchana, Handeni mjini, nikala wali maharage, nikakodi pikipiki. Dereva aliniuliza naenda kwa nani huko. Nikasema kwa mama. Akauliza kama yupo. Nikasema hayupo. Akawasha pikipiki.

Jioni nikafika. Nyumba yetu ilikuwa imefungwa, lakini uwanja ulikuwa umefagiwa. Jirani yetu Bi Zaina, aliyekuwa akienda korongoni na mama tangu sijazaliwa, alitoka kwake akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemwacha wapi mwenzangu?"

"Nimemwacha Korogwe. Anawasalimu."

"Salamu hazichoti maji," akasema. "Ingia ule."

Tukala ugali na mlenda. Sikutaka kupima jioni ile, kwa kuwa kina mama walikuwa wametoka kuchota na maji yalikuwa yameshuka. Kisima hupimwa alfajiri, maji yakiwa yamelala na kurudi mahali pake.

Alfajiri tukashuka korongoni. Kwetu kila nyumba ina kisima chake mchangani, shimo lililozungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wa wafugaji wasilivunje. Mtu akihama, hakuna anayetangaza. Watu wanaacha tu mchanga ulifukie, na baada ya masika moja hata pale lilipokuwa hupaoni. Masika ilikuwa imepita, mama hakuwepo, na mimi nilijiandaa kuona mchanga.

Kisima cha mama kilikuwa wazi. Miiba ilikuwa mibichi, na kata yake ya kuchotea ilining'inia kwenye tawi.

"Nani anachota hapa?" nikauliza.

"Hachoti mtu. Tunakizoa mchanga tu."

"Mnahangaika bure, mama. Mwenyewe hayupo."

Bi Zaina akanitazama kama nimesema upuuzi. "Alituaga? Sisi alituambia anakwenda kutibu magoti."

Nikageuka nikajifanya nanyoosha kamba. Niliifunga jiwe nchani, nikaishusha taratibu, na jiwe likagusa maji kabla kamba haijafika kimo cha mtu. Nikapima na visima vingine, juu na chini ya korongo, maana kimoja kinaweza kudanganya. Vyote vilikaribiana. Kiangazi kilikuwa kinaanza na mchanga umeshiba, na mimi nilikuwa nimeiambia kompyuta kwamba ni mkavu.

Kabla sijaondoka, Bi Zaina alinijazia dumu dogo la maji ya kisima kile.

Njiani kurudi Korogwe nililipakata dumu hilo, na nikawaza jambo baya. Ningeweza kuliacha pengo vilevile. Hakuna ambaye angeniuliza, na taa ingeendelea kuwaka jioni. Nilitamani kwa moyo wote. Lakini maji yalikuwa yanatikisika mapajani mwangu, na mimi nimeyaona yalipo.

Jioni mama alibandika chai kwa maji yale. Yana chumvichumvi, maji ya kwetu. Alionja, akaweka kikombe chini, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikamweleza habari za miiba na kata. Kisha nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika kile kina, nikaweka na ukuta. Mstari ukateremka polepole mwezi hadi mwezi, ukavuka pale ulipokatikia mwanzo, ukakutana na mvua za vuli bado una maji. Hilo ndilo nililojifunza huko: usianze hesabu za watu kwa kudhani hawana kitu.

"Mama, yanafika vuli."

Akainuka kwa kushika meza, akaingia chumbani, nikasikia begi likiburutwa kutoka uvunguni.

"Ukuta wenyewe haujajengwa," nikasema. "Ni kompyuta tu imesema."

"Nitausubiri kwangu." Kisha akaita, "Huna kamba hapo? Zipu ya begi hili imekufa."

Nikampelekea ile niliyopimia. Ilikuwa bado na unyevu.