Firigisi ya baba

Juzi mjukuu wangu alinuna kwa kukosa nguo mpya ya Krismasi. Nikamkumbuka mama, kule Kiomboi. Krismasi moja nikiwa mtoto, tulitoka kanisani na njaa, nyumba inanukia kuku. Mama akaweka firigisi, ambayo huwa ya baba, juu ya wali.

"Mpelekee bibi jirani, yuko peke yake. Leo Yesu anakula kwanza."

"Na baba?"

"Atakula shingo. Nenda!"

Kwa bibi nilichungulia nyuma ya mlango, hadi uvunguni.

"Unatafuta panya, mjukuu wangu?"

"Namtafuta Yesu, ale firigisi yake."

Bibi alicheka mdomo umejaa. "Umechelewa, keshakula."

Shule sikusoma sana, lakini wanangu wote wanajua Yesu anakula nyumba gani. Na huyu aliyenuna atajua.