Kinanda Kilichoanikwa Pamoja na Omena

Hakuna kitu moto ungefanya kikanishangaza. Nimeona gitaa lililoyeyuka likashikana na kiti. Nimeona ngoma iliyopasuka katikati kama nyanya. Nimeona spika ya ukumbi ambayo panya walikimbilia ndani yake na wote wakatoka wazima. Nikiingia kwenye nyumba iliyoungua, kabla hujanionyesha chochote, pua yangu imeshaniambia ni nini kilishika kwanza na ni nini kilifuata. Sikusomea hayo popote. Niliacha shule darasa la sita, na bado watu wa bima wa Kisumu, wenye digrii zao ukutani, walikuwa wananitafuta kwa simu kama mtu anatafuta daktari.

Nilianzia Kaloleni, hapo hapo Kisumu, kwenye kibanda cha mabati cha fundi wa magitaa tuliyemwita Fundi Mkuu, ingawa hakukuwa na fundi mwingine hapo hadi nilipofika mimi. Siku ya kwanza alinipa gitaa la bendi ya benga lililotoka kwenye baa iliyoshika moto, jeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Nikataka kuonyesha bidii. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha kwenye ndoo. Kabla kitambaa hakijagusa mbao, akanipiga mkononi.

"Unataka kulipaka rangi?"

"Nataka kuliosha, Mzee."

"Masizi ukiyapa maji umeyapa miguu. Yanatembea mpaka ndani ya mbao, na huko huyatoi tena. Weka hayo maji chini. Enda ufagie."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii, na nililipwa nayo kabla sijalipwa pesa. Masizi makavu yanatolewa yakiwa makavu: brashi laini kwanza, halafu sponji kavu ya mpira, halafu mashine ya kufyonza vumbi ukiwa nayo. Maji yanangoja mpaka mwisho, na mara nyingi hayaitwi kabisa.

Moshi nao si mmoja. Moshi wa kuni na karatasi ni mkavu, unakaa juu kama vumbi, na mtu mwenye subira anautoa wote. Moshi wa magodoro na nyaya una asidi. Ukiuacha kwenye shaba ya tarumbeta, tarumbeta inaota kijani. Ukiingia kwenye kinanda cha umeme, unakula zile njia nyembamba zinazopeleka umeme kutoka kwa kibonye hadi kwa sauti. Mbaya kuliko yote ni moshi wa mafuta, kama ule wa samaki. Huo unanata. Ukipitisha kidole kinanasa, na ukifuta vibaya unaupeleka kutoka mahali pabaya hadi mahali pazuri. Mimi nilijua tofauti zao kwa kunusa kabla sijamaliza mwaka. Fundi Mkuu mwenyewe alikubali, na hakuwa mtu wa kukubali mambo.

Kutoka hapo nilichukuliwa na Meneja wa Madai wa kampuni moja ya bima mjini. Alikuwa mtu mrefu asiyependa kukaa kwenye kiti chake. Alikuja kibandani mwenyewe na gitaa lililoungua shingo, akauliza kama ni la kutupa.

"Si la kutupa," nikamwambia. "Niachie."

Aliporudi akalipiga kidogo, vibaya, kisha akaniuliza kama naweza kuvaa shati la kola. Nikasema shati ni kitu kidogo.

Kwa huyo nikajifunza bima. Kazi yangu ilikuwa kutembelea mahali palipoungua, kutenganisha vyombo vya muziki vinavyookoleka na vile ambavyo ni hasara kamili, na kumwambia mkadiriaji wa kampuni kuokoa kutagharimu kiasi gani. Chombo kikiokoleka, kampuni inalipa fundi. Kikiwa hasara kamili, inalipa thamani yake ikiondoa uchakavu, yaani miaka ambayo kilikuwa kimeshatumika. Meneja alinifundisha neno moja ambalo sijalisahau. "Bima hailipi huzuni," alisema. "Inalipa kilichofanywa na moto na moshi. Kilichofanywa na mtu baada ya moto, hicho ni chake."

Alikuwa na sheria nyingine pia: fika bila kutuma habari. "Ukipiga simu kwanza," alisema, "utakuta wamekupangia."

Na hakukosea. Alinituma Awasi, kwa mwenye hoteli aliyedai magitaa ya bendi yake yameharibiwa na moshi. Chumba kilichoungua kilikuwa cha magodoro. Nikainua gitaa la kwanza, nikanusa: kuni. La pili: kuni, na nyama ya mbuzi kidogo. Nikamwuliza mwenye hoteli kwa upole, "Mzee, haya magitaa yako mlikuwa mnayachoma au mnayakausha?" Akaniangalia, akacheka, akaniagizia soda, na madai yakaishia hapo.

Lakini nilipofungua karakana yangu mwenyewe, kampuni zikawa zinaniita kama mtaalamu na si mfanyakazi, hiyo sheria ya kufika ghafla niliiacha. Nimelelewa na nyanya yangu. Kwa watu huingii kama mvua ya Aprili. Nilikuwa napiga simu, nasema jina langu, nasema siku. Watu walinifungulia milango, wakaniambia ukweli ambao hawangemwambia mtu wa kuvamia. Kwa njia hiyo niliokoa vyombo vingi kuliko fundi yeyote wa upande huu wa ziwa, na anayebisha alete hesabu yake.

Sasa niwaambie ya Asembo Bay.

Banda la kukaushia samaki kwa moshi lilishika moto. Lilikuwa limeshikana ukuta na stoo ya kanisa ambamo kwaya ya akina mama iliweka vyombo vyake: kinanda cha umeme, akodioni, ngoma mbili na tarumbeta tatu. Moto wenyewe ulikula paa na rafu ya juu, ukazimwa na watu kwa mchanga. Kilichobaki kikajaa moshi. Vyombo hivyo akina mama walivinunua wenyewe kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwa, na kila mwaka chama chao kililipa bima ya moto bila kukosa. Hapo Asembo mtu hazikwi kimya. Kwaya ile ndiyo iliyowasindikiza watu wa pale wote, na hawakuwa na pesa nyingine ya kuanza upya. Bima ikikataa, nyimbo zimeisha.

Kampuni ikaniita. Meneja wa Madai alikuwa bado yule yule, nywele tu ndizo zilikuwa zimebadilika. Nikampigia mwenyekiti wa kwaya, Mama Rispa, nikamwambia nakuja Alhamisi kuangalia hali.

Nilipofika, nilidhani nimekosea kanisa. Stoo ilikuwa imepigwa chokaa. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, bado ina unyevu. Tarumbeta tatu zilikuwa zimepangwa kwenye kitambaa cheupe, zinang'aa mpaka nikajiona meno. Akina mama walikuwa wamesimama mstari, wamevaa sare za kwaya. Na nje, kwenye nyavu za kuanikia omena, katikati ya omena, kinanda cha umeme kilikuwa kimelala kifudifudi juani, kinatoa maji.

Nilisimama. Mimi ambaye moto haukuwahi kunishangaza, nilishangazwa na akina mama wenye sabuni.

"Karibu, Bwana Fundi," akasema Mama Rispa. "Kuku iko tayari. Utakula kwanza ama utaangalia kwanza?"

"Mama, nani ameosha hivi vitu?"

"Sisi wote. Wewe ulipiga simu ati unakuja."

"Niliwaambia muoshe?"

"Mgeni anaambia watu waoshe?" Wenzake wakacheka. "Ungekuja ukute masizi mpaka mlangoni, ungeenda Kisumu useme watu wa Asembo wanaishi aje?"

"Mama, mimi ndiye mtu wa masizi. Masizi ndiyo niliyokuja kuona."

"Basi ungesema. Wewe ulisema unakuja kuangalia hali. Tukatengeneza hali."

Mama mmoja nyuma akaongeza kwamba tarumbeta zimeoshwa kwa ndimu, na kinanda kwa sabuni ya unga, ile nzuri ya pakiti, si ya kupima. Nikawaketisha. Nikawaeleza polepole kwamba kampuni hulipa kilichoharibiwa na moshi, na kwamba sasa moshi haupo, na kinanda kimekunywa maji. Kicheko kikaisha. Mama Rispa alikunja leso yake mara nyingi kabla ya kusema.

"Kwa hivyo moto ulituachia, sisi ndio tumemaliza."

"Sijasema hivyo. Nipeni hiyo akodioni."

Nilikula kuku kwanza, kwa sababu chakula kilichopikwa kwa ajili yako hukiachi kipoe ili ufanye kazi. Kisha nikatoa bisibisi. Akodioni ilikuwa imefutwa nje tu. Hakuna aliyejua inafunguliwa wapi. Ndani ya akodioni kuna mvukuto, ile sehemu ya makunjo inayovuta hewa, na kuna ndimi, vipande vidogo vya chuma vinavyotoa sauti, na kila ulimi umeshikiliwa mahali pake kwa nta. Nilipoifungua, makunjo yalikuwa meusi, yananata, yananuka samaki. Nta ilikuwa imeyeyuka ikatiririka upande mmoja, na ndimi zimelala chini kama meno ya mtoto.

"Njooni muone," nikawaambia. "Jua la Asembo haliyeyushi nta namna hii ndani ya sanduku lililofungwa. Maji hayaiyeyushi kabisa. Huu ni moto."

Nikapiga picha, nikazituma, nikampigia Meneja.

"Akodioni nalipa," akasema. "Nimeiona nta. Tarumbeta?"

"Tarumbeta zimepona. Ndimu imezisaidia. Pistoni za vibonye zimegandishwa na sabuni, nitazifungua."

"Ngoma?"

"Ngozi zililoweshwa zikakaushwa juani. Zimepasuka."

"Na kinanda? Kimeuawa na moshi au na maji?"

Alikuwa ananiuliza kwa sauti ya kawaida, lakini tulifanya kazi pamoja miaka mingi na nilimwelewa. Yeye alikuwa Kisumu, mimi nilikuwa Asembo. Nikisema moshi, anatia sahihi, na hakuna mtu duniani angenibishia. Akina mama walikuwa wananitazama. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Maji," nikasema.

"Basi umejibu. Nasikitika, waambie."

"Wamesikia."

Kuna watu wataniita mjinga hapo. Niwaambie kitu. Neno langu ndilo digrii yangu. Siku ile ningeandika moshi mahali pa maji, kesho yake mwenye hoteli wa Awasi na mimi tungekuwa kitu kimoja. Lakini pia sijawahi kutoka kwenye nyumba iliyoungua nikaacha vyombo vimekufa nyuma yangu, na sikukusudia kuanzia Asembo, mahali ambapo watu walisugua sakafu kwa ajili ya miguu yangu.

Nilirudi mjini na kila kitu. Akodioni niliitengeneza kwa pesa ya kampuni, nta mpya, ndimi moja moja, nikaipimia sauti mwenyewe. Pistoni za tarumbeta nikazifungua. Ngoma nikazivika ngozi mpya. Kinanda nilikifungua, nikakisafisha kwa spiriti, nikakiangalia kwa siku kadhaa kama mtu anayekaa na mgonjwa, lakini kutu ilikuwa imeshaingia kwenye njia zake. Nikatafuta kingine cha mkono wa pili, kizuri kuliko cha kwanza, na nikavipeleka vyote pamoja.

Mama Rispa alikibonyeza kwa kidole kimoja, akanigeukia.

"Hii kinanda kampuni ilikataa. Tulisikia na masikio yetu. Nani amelipa?"

"Mgeni."

"Mgeni halipi chakula, Bwana Fundi."

"Huyu halipi chakula. Analipa sabuni."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwita mpigaji wao wa kinanda, wakasimama pale pale nje, wakaimba na vyombo vyote, na watu waliokuwa wanageuza omena wakaacha kugeuza. Juma lililofuata walizika mzee wa jirani, na nilisikia kwamba waliimba vizuri. Sikushangaa. Mimi ndiye niliyeipima ile akodioni.

Sasa nimestaafu, na sijazeeka hivyo. Ni kifua, masizi ya miaka yote yanaanza kukumbuka nilikoyatoa. Karakana anaishika binti yangu, aliyesoma kuliko mimi na ana mkono mzuri karibu kama wangu. Naye hupiga simu kabla ya kwenda, kama nilivyomfundisha, ila ameongeza lake mwishoni: "Na msioshe kitu. Hata sakafu." Vijana wanaotaka kazi hii nawaambia waanze na pua, wafuate na subira, na wakiulizwa kilichoua kinanda waseme kilichokiua. Mengine yatawajia njiani.

Mke wangu ndiye ananichapia maneno haya, kwa sababu herufi zangu hazisomeki. Wakati ule aliniuliza Asembo imenigharimu nini, nikamwambia ni nauli tu na vitu vidogo vidogo. Amefika hapa, ameacha kuchapa, ananiangalia. Basi chapa, mama. Kinanda, ngozi mbili za ngoma, spiriti na gari la kupeleka mizigo, jumla yake ilikuwa shilingi elfu sitini na moja, mia tatu na hamsini.