Soli ya Mke wa Fundi

Fundi wa viatu wa sokoni kwetu ana wivu, na wivu wake haujui likizo. Mkewe akisalimiana na muuza mchele, Fundi anagonga msumari mpaka unapinda. Akicheka na simu, Fundi anataka kujua nani kamchekesha. Mimi nauza mboga kibanda cha pili, kwa hiyo nayasikia yote bila kiingilio. Tukimtania anacheka, lakini nyundo inazidi kupiga.

Soko zima tunamwita Fundi, isipokuwa mkewe. Yeye humwita baba watoto, na siku akiwa na furaha humwita mume wangu, kwa sauti, mbele za watu. Hapo Fundi huringa mpaka jioni.

Ufundi wake nisimnyime. Akigeuza kiatu chako anajua ulikopita. Ndiyo maana alipoona changarawe nyeusi, nyepesi, yenye vitundu, imenasa kwenye soli za mkewe, hakungoja mmbeya. Changarawe ile hutoka kule juu ng'ambo ya bwawa, ambako zamani mlima ulitapika moto, na uji wake ukapoa ukawa nguzo za mawe, zimebanana kama kuni zilizopangwa. Wageni hupanda kwenda kuzipiga picha. Anayewapeleka ni Njiti, kijana mrefu, mwembamba, mwenye maneno matamu.

"Si nilikwambia nimepata kazi ya kupeleka wageni?" mkewe alimjibu, palepale kibandani.

"Ulisema wageni. Hukusema Njiti."

"Njiti ndiye mwenye kazi, baba watoto. Ulitaka niwapeleke na nani?"

"Na penye utelezi, nani anakushika mkono?"

"Nina miguu," mama yule akasema, akaweka viatu mezani. "Soli imekwisha. Nitilie yenye meno makali, kesho tuna kundi."

Fundi akabaki navyo mapajani. Nilimwona akivigeuza, akivinusa, nusura avihoji. Wivu ulimkaba hata chai yake ikapoa. Mwisho akachukua soli laini, ile ya viatu vya harusini, isiyo na jino hata moja, akaipaka gundi, akaishona kwa mkono mzuri kabisa. Hesabu yake ilikuwa kwamba mkewe atateleza kwenye mwinuko wa kwanza, atakasirika, atarudi nyumbani na kutulia. Mtu mzima, na ndevu zake! Akavifunga kwenye gazeti. Asubuhi mkewe akapita, akakwapua furushi na kwenda zake bila kulifungua. Nani anakagua kazi ya mumewe?

Jua halijakolea, akaja mvuvi wa bwawani na buti lake.

"Nitilie meno, Fundi. Mvua ya alfajiri imelowesha mawe yote. Pale ukingoni juu ya maji, mimi mwenyewe nimepona chupuchupu."

Fundi alisimama ghafla, misumari ikamwagika. Alitoka mbio, akamwacha mvuvi na mguu mmoja peku, akiuliza sasa yeye avae nini.

Yaliyotokea huko juu alitusimulia Njiti. Anasema Fundi alivuka ukuta wa bwawa akikimbia na makubazi yaliyolika, akapanda akianguka na kuinuka, viganja vinatoka damu, anaita, "Mke wangu! Usikanyage! Simama hapohapo!" Alimpita Njiti, aliyekuwa nyuma kabisa na mgeni mmoja aliyechoka, wanakula biskuti. Hakumtazama hata kidogo.

Mkewe alikuwa mbele, ukingoni, na maji ya kijani chini yake. Alikuwa peku. Viatu kavifunga kamba, kavitundika shingoni. Anawavusha wageni mmoja mmoja kwa mkono, anawaonyesha pa kukanyaga, anacheka, na wao wanacheka naye. Fundi akasimama. Njiti, aliyemfuata nyuma, anaapa kwamba hajawahi kuona mtu kaingiwa na wivu kiasi kile: aliwaonea wivu wageni, akayaonea wivu hata mawe, maana kicheko kile nyumbani kwake hakijawahi kusikika.

Akapiga hatua amfuate. Kubazi likateleza. Mkewe akamdaka kwa kifundo cha mkono, akamvuta mpaka juu, kama alivyowavuta wengine.

"Huyu naye ni nani?" mgeni mmoja akauliza.

Mama alimtazama yule mwanamume aliyejaa matope na damu. Halafu akatazama zile soli laini zilizomning'inia kifuani.

"Huyu ni fundi wangu wa viatu," akasema.

Wageni wakampisha, wakaendelea kupiga picha. Fundi akasogea.

"Mke wangu, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nilikijua nilipokanyaga jiwe la kwanza, nikabaki nimeshikilia kichaka."

Akavivua vile viatu shingoni, akampa, soli zikiangalia juu, kama mteja yeyote anavyompa fundi yeyote.

"Meno makali," akasema. "Nije kuchukua lini, Fundi?"