Wokimani ya Kibaigwa

Juzi nilikuwa njiani kwenda Kongwa kusikia jibu la posa yangu, nikiwa kapera wa miaka arobaini na ushee. Basi liliposimama Kibaigwa, penye soko la mahindi, nikashuka kutafuta wokimani, kile kiredio kidogo cha kaseti, ya bei nafuu.

"Jaribu hii, kaka," muuzaji alisema akinivika hedifoni. "Sauti yote inabaki kwako."

Nikamwamini mno. Kaseti ilikuwa ya dansi la ujana wangu. Nikafumba macho, nikaimba na kukata kiuno kati ya magunia ya mahindi, nikijua hakuna anayenisikia.

Nilipofumbua macho, madalali na madereva wa malori walikuwa wamenizunguka wakipiga makofi. Mbele yao alisimama baba wa mchumba wangu, aliyekuja kuuza mahindi. Akanivua hedifoni taratibu.

"Marahaba, mwanangu," alisema akicheka, nami nilikuwa sijamwamkia.