Siri Arobaini Ndani ya Mandazi

Naona aibu kuliandika jambo hili, lakini kwa kuwa Bugarama nzima wanalisimulia vibaya (wanasema nilikula mandazi kumi na saba, yalikuwa sita), afadhali nilisimulie mwenyewe.

Siku tatu kabla ya mkutano wa mandazi hayo sikupata usingizi kwa sababu ya karatasi ishirini nilizoziacha kwenye duka la fotokopi pale Kamembe. Swali lilikuwa moja tu: nirudi kuziomba, au ninyamaze? Nikirudi, mwenye duka atajiuliza kuna nini ndani, atazisoma. Nikinyamaza, huenda asizisome kabisa. Lakini huenda ameshazisoma. Lakini mtu gani anasoma karatasi za wengine? (Mimi. Mimi huzisoma.) Hivyo ndivyo nilivyo, nikianza kufikiri sijui pa kushukia.

Tuseme kwanza zilikuwa karatasi za nini. Nilimaliza chuo mwaka jana nikapata kazi ya msaidizi wa utafiti kwa Profesa mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuwahoji wakulima arobaini wa mpunga, wote wa ushirika mmoja, jinsi wanavyogawana maji ya mfereji. Kila mkulima ana zamu yake. Swali la kumi na saba liliuliza kama umewahi kufungua maji nje ya zamu, na kabla ya kuliuliza nilikuwa naweka mkono kifuani na kuahidi kwamba jina lako halitaonekana popote. Watu waliniamini, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya miwani. Walisema yote.

Na ahadi hiyo haikuwa ya mdomo tu. Tulikuwa na mpango wa kutunza data, kurasa tisa, nimeuandika mimi mwenyewe kwa lugha tamu: kila mtu apewe namba, majina yakae mbali na majibu, faili lifungwe kwa neno la siri, karatasi zisizohitajika ziharibiwe. Profesa aliusifu. Chuo kiliupiga muhuri.

Sasa, mimi faili nilikuwa nalo kwenye kompyuta, kwenye flash, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ya idara. Mtu mwenye akili zake angetosheka. Mimi nikawaza, je, kompyuta ikiibwa, flash ikiingia maji, na mtandao ukikatika, vyote siku moja? Nikaenda kuchapisha. Kwa herufi kubwa, watu wawili kwa kila ukurasa, kwa sababu niliwaza pia macho yangu ya uzeeni. Karatasi zilipotoka nikaona safu ya majina ipo, nimesahau kuiondoa baada ya kuhakiki kama namba 13 na 31 hazijabadilishana.

Nikaondoa majina, nikachapisha upya. Hizo za kwanza nikazishika mkononi. Mwenye duka, Papa Désiré, akaniambia, "Mademoiselle, hizo zenye ziliharibika uache tu hapa, mi najua kwenye nitazipeleka."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikaona nikizing'ang'ania nitaonekana mtu mwenye siri, kwa hiyo nikatabasamu kama mtu asiye na shida yoyote duniani, nikaziweka mezani, nikatoka. Yaani niliziacha ili zisipate umuhimu.

Alhamisi ikafika kabla sijaamua, siku ya kuwarudishia wakulima matokeo, na Profesa alikuwa amenituma ninunue mandazi arobaini ya kula na chai. Nikanunua kwa Maman Zawadi, anayekaanga pembeni ya duka lile lile la fotokopi. Huku kwetu mfuko wa plastiki ni marufuku, kila kitu kinafungwa kwa karatasi, na yeye anakata karatasi katikati, anakunja upande mweupe nje, safi kabisa. Nikayapakata mwenyewe kwenye kikapu kutoka Kamembe mpaka Bugarama. Nikayagawa mwenyewe pia, kila mtu lake, nikisema karibuni, karibuni.

Profesa alikuwa anaeleza kwamba "asilimia kubwa ya wahojiwa" wana changamoto za zamu, ndipo nikamwona Mzee Gaspard, Mkatolika wa kiti cha mbele kanisani, ameinamia karatasi yake yenye mafuta anasoma kwa kidole.

"Eh! Issa!" akaita. "Weye unafunguaka maji siku ya Yenga?" (Yaani Jumapili.)

Papa Issa akaacha kutafuna. "Nani anasema?"

"Weye mwenyewe! Imeandikwa: 'Nafungua Yenga asubuhi, Bakatolika bote bako kwenye misa, hakuna muntu ya kuniona.' Na jina yako iko hapa juu!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Papa Issa hakucheka, aliinuka akageukia watu. "Batu ba Mungu, nani iko na ya Gaspard? Mutafute ya Gaspard!"

Ikapatikana kwa mama mmoja wa nyuma, akaisoma kwa sauti ya kwaya: Mzee Gaspard hufungua Ijumaa saa saba mchana, Waislamu wakiwa msikitini. Na hapo tena hakuna aliyesikiliza matokeo. Mandazi yalifunguliwa kama bahasha za bahati nasibu, kila mtu ana siri ya jirani, kila mtu anatafuta aliye na ya kwake, Waadventista wawili wakashikana mashati kwa ajili ya Jumamosi.

Profesa akanisogelea, mweupe kama chaki. "Aline," akasema polepole, "mpango wetu wa kutunza data unasema nini kuhusu mandazi?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia kati ya viti. "Papa, samahani, karatasi yako. Maman, naomba karatasi." Wengine walinipa na andazi lake, mikono ikajaa, nikawa nakula ili nipate pa kushikia (ndiyo hayo sita).

"Muachieni, mutoto hakula asubuhi," akasema mtu.

"Huko chuo habapikake chakula?" akauliza mwingine.

Lakini mimi nilikuwa natafuta karatasi moja tu. Hao wengine wameibiana maji kwa usawa, watapatana. Maman Furaha ndiye anayeshika ufunguo wa lango kubwa la mfereji. Ushirika mzima ulimchagua kwa sababu haibi. Na nyumbani kwake, mbele yangu, alisema kwamba mwaka ule miche yake ilipokauka alifungulia shamba lake mara mbili kabla ya wote. "Bakijua, banapokonya ufunguo, na mbele ya batoto yangu nitakuwa mwizi." Niliandika. Namba 22.

Nikajibanza pembeni nikahesabu: thelathini na tisa. Ya 22 haimo. Maman Furaha alikuwa dirishani, ameshaniletea karatasi aliyopewa yeye, imekunjwa, hakuisoma. Nilipopita akaninong'oneza, "Yangu iko wapi?"

Nikatazama ukumbi mzima. Andazi moja tu lilikuwa halijafunguliwa, na lilikuwa mbele ya Papa Hamisi, mwenyekiti wa ushirika, anayekabidhi na kunyang'anya ufunguo.

"Papa, haukuli?" nikauliza.

"Leo niko nafunga, binti yangu. Hii nitabebea bajukuu."

Nikaanza tena. Nikilibadilisha na lingine, ataona. Nikimwaga chai juu yake, wino wa mashine haufutiki. Nikimwomba karatasi, atajiuliza kuna nini, ataifungua. Nisipomwomba, wajukuu wataisoma, na wajukuu wanasoma vizuri kuliko Gaspard. Kisha nikaona kwamba kila njia niliyokuwa naiwaza ni ile ile ya Kamembe, ya kujifanya hakuna kitu.

"Papa Hamisi," nikasema, "ndani ya hiyo karatasi kuna siri ya muntu. Mimi nilimuahidi hakuna atakayeiona. Naomba unipe bila kufungua."

Akalitazama andazi, akanitazama.

"Ni siri yangu?"

"Hapana. Yako ninayo hapa."

"Uliisoma?"

"Niliiandika, Papa."

Nadhani alikumbuka swali la kumi na saba. Kisha akalisukuma andazi kwangu kwa ncha ya vidole, kama kitu cha moto. "Beba. Na hiyo yangu upasue sasa hivi, niko naona."

Nikaipasua. Nikapasua zote isipokuwa ya 22 niliyoificha mfukoni, vipande vidogo kama ubwabwa wa mtoto, mbele yao, nikasema kosa ni langu, si la Profesa wala la Maman Zawadi. Mzee Gaspard na Papa Issa hawakunisikia, walikuwa wanapangana zamu mpya kwa kelele.

Hiyo ya 22 sikumpelekea Maman Furaha hapo hapo ukumbini, wangemjua (mara hii moja kufikiri sana kulinisaidia). Nilimfuata kwenye mfereji watu walipotawanyika. Akaisoma yote, midomo ikicheza, akaikunja akaitia kwenye kitenge.

"Na kwenye mashine, iko?"

"Iko."

"Utoe."

Nilimweleza kwamba jina tutalifuta leo leo, itabaki namba tupu, kwamba utafiti una watu arobaini, kwamba Profesa ameshaandika arobaini kwenye ripoti. Nilikuwa na hoja nzuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile siku uliweka mukono hapa," akagusa kifua chake, "mi sikukuuliza maneno mingi."

Nikakaa chini kwenye ukingo wa mfereji, nikafungua kompyuta magotini. Nikafuta safu yote ya majina, halafu mstari wa 22, yeye akiangalia kidole changu. Nikachomeka flash, nikafuta na huko. Hifadhi ya mtandaoni ilisumbua, tulipanda mpaka barabarani kutafuta mtandao, tumesimama bega kwa bega kama watu wanaongoja picha, na uliposhika nikafuta na huko, nikafuta hata matoleo ya zamani ambayo mimi huyahifadhi kwa kuogopa kiama. Chapa ya pili ya karatasi, ile isiyo na majina, nikaitoa kwenye begi nikaipasua pia; sikubakiza nakala yake hata moja. Mimi!

Kisha nikamwandikia Profesa: "Wahojiwa ni thelathini na tisa. Mmoja amejitoa." Akauliza nani, na kwa nini. Nikaandika maelezo marefu, nikayasoma, nikayafuta, nikamjibu kwamba hilo siwezi kusema, nikabonyeza kutuma.